Nje ya Dumu la Halima

Garissa, Jumatano, 1995

Eti maziwa ni maziwa tu! Halima ananiambia hivyo mimi, ninayefukiza kibuyu kwa moshi wa mgunga kila alfajiri kabla ya kukama ngamia, ili maziwa yasiharibike upesi.

Halima ndiye dalali wetu. Hununua maziwa yetu sote, ya anayefukiza na ya mvivu, akayamimina katika dumu moja na kwenda kuyauza. Leo nilimwambia nataka kukodi kibanda kwenye maonyesho ya biashara ya barabarani, niuze mwenyewe. Akacheka mbele ya watu.

"Abaayo, dada yangu, ndani ya dumu langu hakuna anayekujua. Huko yakichacha kabla ya adhuhuri, utamlaumu nani?"

Swali hilo limenikera kutwa, kwa sababu ni la haki. Jua la hapa halina huruma, na kodi ya kibanda hairudishwi hata nisipouza tone. Naogopa, wallahi.

Lakini miaka sita nimejificha ndani ya dumu lile. Mteja akisifu, hanisifu mimi. Akitema, hajui katema ya nani.

Basi. Kesho asubuhi nampelekea karani wa maonyesho kodi ya kibanda. Yakichacha, na yachache kwa jina langu.