Baba Yangu Hakuandikwa

Mjukuu wangu Neema,

Huku Kawajense tupo, ila mahindi yameungua na jua. Unauliza kama utampata baba yangu kwenye nyaraka za zamani za mgodi, huko maktaba.

Nilikuwa binti mdogo mgodi ulipomfukia. Mama alinishika mkono tukaenda ofisini kuomba mwili wake. Karani akatusomea faili: "Vibarua wamefukiwa. Majina hakuna."

Mama akamwambia, "Basi andika. Anaitwa Kashindye."

Karani akafunga faili. Mama akakaa pale mlangoni akilitaja jina lile mpaka sauti ikamkauka. Mwili hatukupewa.

Endelea kutafuta, mama. Ila usipomwona humo, usije ukadhani hakuwepo.

Mimi bibi yako,
Maria