Mazalia ya Magege

Chiwanda,
9 Juni 2024

Kaka yangu Cuthbert,

Shikamoo. Ni mimi mdogo wako, Herieth. Natumaini wewe, wifi Notburga na mtoto Beata hamjambo huko Litumbandyosi, na kwamba kahawa imezaa mwaka huu. Nasikia siku hizi umekuwa mkulima kamili, hata buti za shambani unazo. Wewe ambaye ulikuwa huwezi kushika jembe nusu saa bila kuulizia chakula! Sisi huku afya zipo, ila mioyo imeumia.

Habari za msiba najua zilikufikia. Baba alifariki Alhamisi ya wiki iliyopita, tukamzika Jumamosi karibu na mama. Hukuja, na watu wamesema sana. Shangazi Ottilia alisema mbele ya waombolezaji kwamba mtoto aliyeuza siri ya baba yake hana uso wa kuja kumzika. Mimi nilikuwa nimekaa palepale kwenye mkeka.

Nikueleze kwanza kazi yangu, maana uliondoka nikiwa ndiyo kwanza naianza. Mradi wetu wa elimu ya ziwa unatutuma shuleni na kwenye mialo ya wavuvi. Watoto nawafundisha kushusha majini sahani nyeusi na nyeupe kwa kamba, waone inapotea machoni kwenye mita ya ngapi, ndipo wajue maji yamechafuka kiasi gani. Wavuvi nawaonyesha magege jike aliyebeba mayai mdomoni, ambaye hali chochote mpaka vifaranga vitoke. Mwanzoni wazee walinicheka, wakasema binti wa Mzee Aidan amesomea kuwafundisha samaki kuogelea. Baba hakucheka. Alikaa mstari wa mbele, kofia mapajani, kama yuko kanisani.

Pale mahali unapakumbuka, ile ghuba ndogo ya mchanga nyuma ya mawe mawili, magege wanapochimba viota vyao. Baba hakuvua pale hata mwaka ule wa njaa. Ulipotimiza miaka kumi na mitano alikupeleka, akakuapisha usimwambie mtu. Kwa hiyo miaka minne iliyopita, makokoro ya wageni, nyavu zile za kukokota, yalipoingia pale na kukomba kila kitu, wakubwa kwa wachanga, kwake mtuhumiwa alikuwa mmoja tu. Wiki iliyotangulia ulikuwa umeonekana Mbamba Bay unakunywa na wenye maboti. Hakukuuliza hata swali. Alikutolea nguo nje, na wewe kwa kiburi chako (tumekirithi wote) ukazibeba, ukapanda gari la Mbinga, na simu za nyumbani ukaacha kupokea.

Baba alisahau kwamba na mimi alinipeleka. Nilikuwa na miaka sita, mama amelazwa, hakuna wa kuniachia. Alidhani nimelala ndani ya mtumbwi. Sikuwa nimelala.

Ni mimi, kaka. Wiki hiyohiyo uliyoonekana Mbamba Bay, tulikuwa na semina huko na wavuvi wa mialo mingine, na kutoka Chiwanda nilikuwepo peke yangu. Tulitaka wachore ramani ya mazalia ya samaki ili yatengwe, yasivuliwe. Hakuna aliyetaka kusema. Walitazama miguu yao, na bosi wangu alitazama saa. Niliona aibu. Nikashika kalamu, nikachora ghuba yetu na mawe yake mawili, nikaitia alama nyekundu, nikawaambia ndivyo inavyofanyika. Walinipigia makofi! Kisha tukaibandika karatasi ukutani, nje, kila apitaye aione. Siku ya tisa makokoro yalifika kwetu. Nilirudi Mbamba Bay nikaibandua, nikaja kuichoma jikoni kwetu.

Nilijiambia nitasema kesho. Lakini baba alikuwa akijivunia kazi yangu mbele ya kila mtu, na kila nilipofungua mdomo alinitangulia kwa kunisifu. Mimi, mwalimu wa mazalia, nikayameza hayo miaka minne. Naona aibu kuandika haya.

Jumatano, siku moja kabla hajafa, alinishika mkono. Aliniambia nikupelekee ujumbe kwamba amekusamehe, na kwamba alitamani uje akwambie mwenyewe. Tulikuwa wawili tu chumbani. Nafasi ilikuwa hiyo, na nyingine haikuwepo. Nikamjibu ndiyo baba, nitamwambia. Alifurahi, akaomba uji, akanywa nusu kikombe.

Sasa nimeufikisha. Baba amekusamehe kosa nililofanya mimi. Mimi hakunisamehe, kwa sababu hakujua.

Siku ya arobaini nitasimama mbele ya shangazi na ukoo wote niseme haya niliyoyaandika. Ukija, utanisikia. Usipokuja sitakulaumu. Mtumbwi wa baba upo, nimeufunga mahali pake, ni wako. Barua hii anakuletea Rodrick, dereva wa gari la Mbinga. Nimemwomba akukabidhi mkononi na asisubiri jibu.

Msalimie sana wifi. Mbusu Beata, ambaye babu yake hakuwahi kumwona, kwa sababu yangu.

Mdogo wako,
Herieth