Mama Eliza, Hukuwa Kwenye Orodha

Mama Eliza,

Shikamoo. Najua hutaitikia "marahaba mwanangu" kwa ile sauti yako ya kuvuta, lakini nimeshindwa kuanza bila kukuamkia. Leo ni Jumapili, zahanati imefungwa, na Daktari Lameck amekwenda Kongwa kuona familia yake. Nimekaa peke yangu kwenye benchi la wagonjwa. Tangu wiki uliyozikwa nimetaka kukuandikia, na kila nikianza naandika jina lako, halafu naiacha kalamu.

Nimekukumbuka, Mama. Nimekukumbuka mpaka nachoka.

Unakumbuka siku niliyofika hapa kutoka Kondoa, nesi mpya, simjui mtu? Ulinikuta mlangoni na begi langu, wewe umeshika dekio. Ukanisalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi!" Nikabaki nimekutumbulia macho. Ulicheka, ukanifundisha kuitikia, ukanisahihisha mara tatu. Kisha ukauliza kama sisi Warangi tunakula mlenda. Nikakujibu tunakula, tena kuwashinda ninyi Wagogo. Kesho yake ukaja na bakuli la mlenda na ugali wa uwele, ukakaa kitako kuangalia kama nitamaliza. Nilimaliza. Ukasema, "Huyu atakaa."

Nimekaa, Mama. Wewe ndiye umeondoka.

Mwezi wa Ramadhani huwa mgumu zaidi. Wewe, mwimba kwaya wa kanisani, ndiye uliyekuwa ukinitilia uji wa kufuturu kwenye chupa ya chai na kuuficha kabatini usije ukanywewa. Ukimwona mtu anatafuna mbele yangu mchana ulimfukuza nje. "Mwenzio kafunga, wewe unatafunatafuna kama mbuzi!" Mwaka huu nilifungua lile kabati bila kufikiri. Nikalifunga tena.

Nataka nikueleze habari ya orodha. Hatukuwahi kuizungumza sawasawa ulipokuwa hai, na mimi ndiye niliyeiandika.

Ile asubuhi gari la wilaya lilipoleta kile kisanduku cha chanjo ya korona, wewe ndiye uliyekipokea, ukakiweka mezani taratibu kama unamlaza mtoto. Dozi zilikuwa ishirini na tano kwa vijiji vyetu vitatu. Mwongozo ulikuwa karatasi moja: watumishi wa afya, wazee wa miaka hamsini na kuendelea, wenye magonjwa ya kudumu. Daktari Lameck akasema mimi nina mwandiko mzuri, niandike. Nikaketi, nikaandika. Watumishi wa afya, majina mawili: lake na langu. Sisi ndio tulioajiriwa.

Na wewe ulikuwa unadeki chini ya miguu yetu.

Mashuka ya wale waliokuja wakihema, nani alikuwa anayafua? Makopo ya makohozi, nani alikuwa anayamwaga? Yule mama aliyejifungua huku anakohoa, mimi nilikuwa na barakoa na glovu, wewe ulikuwa na kanga uliyoifunga puani, ukamshika mabega mpaka mtoto akatoka. Yote hayo nilikuwa nayaona. Lakini karatasi ilisema mtumishi, na wewe kijiji kilikupa posho tu, huna barua ya ajira wala namba.

Nikafika kwenye wazee. Nikakuomba kitambulisho, ukakichomoa kwenye fundo la kanga. Kilisema una miaka arobaini na saba. Nikasema, "Mama, bado mitatu." Ukacheka sana. "Mwanangu, waliniandikia kwa kuniangalia uso! Eliza wangu ana thelathini na tisa. Ina maana nilimzaa nikiwa darasa la pili?" Tukacheka wote, hata Daktari. Kisha ukasema, ukiwa bado unacheka, "Basi niandikie hamsini." Nikakujibu, "Siwezi, wilayani wanaangalia namba ya kitambulisho." Ukasema haya, ukakifunga tena kwenye kanga.

Nalisikia mpaka leo lile "haya" lako.

Mimi nilichanjwa wa kwanza kijiji kizima. Mimi ninayewachoma watu kutwa, sindano ya kwangu naiogopa. Ulikuja ukanishika mkono, ukaniambia niangalie dirishani. "Tazama ng'ombe wanavyopita." Hakukuwa na ng'ombe hata mmoja. Nilipogeuka kukulaumu, Daktari alikuwa ameshamaliza.

Jioni ile ilibaki dozi moja kwenye kichupa kilichokwisha funguliwa. Ikizidi saa chache inatupwa. Wewe ulikuwa unamalizia korido. Ukauliza, "Imebaki?" Nikasema imebaki moja. Ukakitazama kichupa, ukanitazama mimi. Hukuomba. Nikasema, haraka kama mtu anayejitetea, "Kuna Mzee Chibwana yuko kwenye orodha, hajaja." Nawe ukanijibu, "Basi mpigie mapema, isije ikaharibika." Ukarudi kwenye ndoo yako.

Nikampigia. Alikuja amepakiwa kwenye pikipiki ya mjukuu wake, kifua kinakoroma, miaka sabini na kitu, ana pumu. Alistahili. Nimelirudia jambo hili kichwani siku nyingi na kila mara nafika hapohapo: alistahili. Mwezi uliopita alikuja kuchukua dawa zake, akaketi hapa nilipoketi mimi, akauliza, "Yule mama wa usafi yuko wapi? Siku ile alinipa maji ya kunywa." Nikamwambia. Alivua kofia yake, akaishika mapajani mpaka alipoitwa dirisha la dawa.

Ulianza kukohoa wiki ya tano baada ya hapo. Ulinificha. Ulisema ni vumbi la alizeti, umetoka kupepeta. Siku ya tatu nilikukuta umekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, kule nyuma kwenye kamba za mashuka, mdomo wazi, midomo imebadilika rangi. Hukuwa na nguvu hata ya kunidanganya. Daktari Lameck aliwasha gari lake mwenyewe. Mimi nilikaa nyuma, kichwa chako mapajani mwangu, tukapita Mlali, tukapita Kongwa, na njia nzima ulikuwa unanihimiza kwa maneno ya kukatikakatika. Shuka mbili zimelowekwa. Usizisahau, zitanuka. Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho kwangu, Mama. Shuka mbili.

Hospitalini mjini walikupokea, wakakuwekea oksijeni, nami nikazuiwa mlangoni. Eliza alitoka kwake Ipagala, hukohuko mjini, mbio na kitenge cha nyumbani, hajabadilisha hata kandambili. Tulisimama naye nje ya uzio siku mbili. Siku ya tatu wakatuita.

Eliza hakunilaumu. Ingekuwa afadhali angenilaumu. Aliniuliza tu, "Da Zuhura, kwani chanjo haikufika kwenu?" Nikamwambia ilifika. Daktari Lameck huniambia kwamba pengine hata kama ungechanjwa ungeugua, hakuna ajuaye, na ni kweli hakuna ajuaye. Lakini yeye mwenyewe hajawahi kulisema hilo akiwa ananitazama usoni.

Tulikuzika shambani kwako, watu wachache, tumeachana hatua mbilimbili. Kwaya yako ilibaki barabarani ikaimba kutoka huko. Niliporudi nilizifua zile shuka mbili kwa mikono yangu. Nililia juu ya beseni hadi Daktari akaja kunitoa.

Mgao wa pili ulikuja baada ya miezi mitatu, dozi thelathini. Safari hii kamati ya afya ya kijiji ilikaa yote, kwa sababu watu waliokuwa wakiikimbia chanjo sasa walikuwa wanaitaka. Mwenyekiti wa kijiji akasema waanze wenyeviti wa vitongoji, maana ndio wanaozunguka na watu. Mwalimu mkuu akasema walimu, wanashinda na watoto waliobanana. Mama mmoja akasema wajawazito. Hakuna aliyekuja na hoja ya kijinga, Mama. Laiti wangekuja nazo, kazi ingekuwa rahisi.

Daktari akasema, "Tufuate mwongozo. Watumishi wa afya tulishamaliza."

Nikasema, "Hatujamaliza."

"Aliyebaki ni nani?"

Nikamtaja Selina, aliyechukua dekio lako. Nikamtaja mlinzi, Mzee Jonasi, anayewabeba wagonjwa kutoka kwenye pikipiki kabla hata sijavaa glovu. Nikawataja wanawake watatu wanaoosha maiti, wawili wa kanisani na mmoja wa msikitini, na wachimba makaburi wanne.

Mwenyekiti akasema, "Zuhura, hao si watumishi. Hawana hata barua."

"Mama Eliza naye hakuwa nayo."

Nikaendelea, kwa sababu ningeishia hapo ningelia. Nikasema tuache kuulizana nani ana cheo gani. Tuulizane, mgonjwa akiingia pale getini, nani anamgusa? Akifa, nani anamgusa? Hao waanze, pamoja na wazee waliobaki. Wengine tuwaombe wasubiri, na tuwaeleze kwa nini.

Daktari Lameck alikuwa ameinamisha kichwa. Akasema polepole, "Wilayani wakiniuliza, nitajibu mimi. Andika."

Mwalimu mkuu akauliza, "Kwa hesabu hiyo walimu wangapi tunabaki nje?" Nikahesabu, nikasema sita. Akafikiri. "Niweke mimi katika hao sita." Mwenyekiti akamtazama, naye akaguna, akasema wenyeviti wake watasubiri pia.

Usidhani niliondoka pale nimefurahi. Kati ya walimu waliobaki yumo mmoja mwenye mtoto mchanga. Aliacha kunisalimia mpaka mgao uliofuata ulipomfikia. Nilikuwa nikimwona dukani nageuza njia, si kwa aibu, bali kwa kuwa alikuwa na haki ya kuninunia na sikuwa na cha kumwambia. Usiku wa siku zile niliomba nikitaja jina lake na la mtoto wake. Walibaki salama, hawakuugua.

Selina alipokaa kwenye kiti, aliikodolea macho sindano. Nikamshika mkono, nikamwambia atazame dirishani, ng'ombe wanapita. Akatazama kweli, masikini. Ilibidi nitoke nje kidogo.

Sasa mambo yametulia. Barakoa zimebaki kwenye droo. Tumejengewa chumba cha kujifungulia, kina sakafu ya vigae ambayo ungeisifu kwa siku moja na kuilalamikia kwa mwaka mzima, maana inateleza. Selina ni mzuri, anasugua sana, ila hajui kuimba. Korido imekuwa kimya asubuhi. Akina mama wazee bado wanafika mlangoni wanaita jina lako, halafu wanajishika mdomo. Eliza ananipigia kila mwisho wa mwezi. Juzi alikuja kupalilia kaburi, tukapalilia wote, tukala mlenda alioupika yeye. Haufanani na wako. Tulimaliza, tukakaa tu.

Wakati mwingine, Mama, nikiwa nachoma sindano na mtoto analia, nageuka nyuma nikutafute unisaidie kumbembeleza. Mwili wangu haujakubali. Nimeuambia mara nyingi, haujakubali.

Naomba unisamehe kwa ile jioni. Sikuombi useme kwamba nilikosea, wala kwamba sikukosea. Nisamehe tu kwa kuwa nilikujibu haraka, bila kukuketisha chini tukalizungumza jambo lile, mimi na wewe, kama watu wanaopendana.

Nakuahidi hivi. Magonjwa mengine yatakuja, na karatasi nyingine zitaletwa, na watanipa tena kalamu kwa sababu ya mwandiko wangu. Siku hiyo sitaketi. Nitatoka kwanza, nilizunguke jengo lote kuanzia nyuma, nimuulize kila nitakayemkuta ameinama anaitwa nani. Nikishayajua majina yote, ndipo nitaomba kiti.

Pumzika, mama yangu. Kazi umeiacha safi.

Mwanao wa Kondoa,
Zuhura