Kitambaa Ambacho Bado Si Nguo

Hospitali ya Misheni,
Njia ya Ogembo, Kisii.
Jumanne, baada ya mvua ya mchana.

Kwa Baba na Mama wapendwa,

Naomba barua hii iwakute mmeketi ndani, si mmesimama mlangoni na vikapu vya majani chai mgongoni. Baba, kifua chako kimepona lile vumbi la kiwandani? Na Mama, kidonda cha mguu kimefunga? Mimi mwili wangu ni mzima, ila ninaandikia magotini, kwa hiyo msiucheke mwandiko huu. Mwalimu wetu angenirudisha niandike upya.

Shuleni nilikuwa naendelea vizuri mpaka jana. Kigusii changu bado kinachekwa, kwa sababu nyumbani tulizoea Kiswahili chenu, lakini katika kusoma nimepita wote isipokuwa mvulana mmoja. Nimesoma vitabu vyote vya kabati la darasani. Kimoja kilikosa kurasa za mwisho, nikazitunga mwenyewe.

Baba, najua wewe ndiye unayemsomea Mama barua. Tafadhali simama hapa. Karatasi ya pili ni mambo ya wanawake, nami ni binti yako, siwezi kuyasema mbele yako hata kwa wino. Mpelekee jirani yetu Mama Tabitha, yeye amsomee. Lakini usiende mbali. Mama akimaliza kusikia atakuhitaji.

*

Mama, sasa tuko wenyewe. Mama Tabitha, ahsante, soma polepole.

Mama, njoo. Nimeliandika neno hilo kwanza ili mvua ikilowesha karatasi, hilo angalau lisomeke. Dada Moraa amelazwa hapa hospitalini katika chumba cha giza, na mtoto bado hajazaliwa. Aliyeleta barua hii ni dereva wa lori la ndizi linalokuja huko Kericho, kwenye kambi yenu ya wachuma chai. Amekubali kukuchukua akirudi. Hapendi kungoja, kwa hiyo funga mzigo wako kabla hujaanza kulia.

Nitakueleza yote kwa mpangilio, ila nikiruka kitu unisamehe.

Unajua kwamba shemeji yuko Nairobi kazini, na kwamba sisi tunaishi Nyacheki kwa mama yake. Kila mtu mlimani humwita Magokoro, yaani bibi. Ndiye anayezalisha wanawake wa huku, na watoto wengi ninaosoma nao walipokewa na mikono yake. Ni mtu wa maneno makali na mzaha mwingi. Siku niliyofika alinitazama miguu akasema, "Huyu ni msichana au ni korongo aliyevaa sare?" Lakini usiku ule ule alinipa blanketi lake.

Mimba ya dada ilipoanza kuonekana, niliambiwa na mwalimu kwamba hospitali ya misheni ina siku yake ya wajawazito. Nilimbembeleza dada mpaka akakubali, nikamsindikiza. Mkunga wa pale anaitwa Dorika. Si mtu wa huku, anasema Kiswahili, na kina mama wengi kwenye mabenchi wanajua Kigusii tu. Akauliza nani anaweza kufasiri. Kabla sijajificha, dada alinisukuma mbele.

Mama, wewe unanijua. Hata kusoma somo kanisani hunitoa jasho. Sasa nilisimama mbele ya wanawake wenye umri wako, nikasema habari za matiti na maji ya uzazi. Walicheka mpaka benchi likatikisika.

"Tazameni, mtoto huyu anazaa kwa mdomo!" alisema mmoja.

"Akifika kwenye uchungu tuambieni, tumshike mkono," akajibu mwenzake.

Dorika aliniuliza wanasema nini. Nikamwambia wanashukuru.

Dorika aliwaambia wawe wakila mayai. Mama mmoja akasema, "Mwambie mayai ni ya kuku." Aliwaambia wasibebe kuni nzito miezi ya mwisho, wapumzike mchana. Hapo walicheka zaidi ya kwanza. Lakini jambo moja alilisema mara mbili na akaniangalia mdomo wakati ninalifasiri, kana kwamba angeweza kulipima. Alisema, mwanamke mjamzito akivimba uso na mikono, akaumwa kichwa kisichotulia, au akaona cheche mbele ya macho, asingoje siku ya kliniki. Aje siku hiyo hiyo, hata kwa kubebwa. Mwisho akasema kila mmoja aje na kitambaa safi na kinguo cha mtoto, kwa sababu huku milimani kuna baridi na mtoto mchanga hupoteza joto upesi.

Neno hilo la mwisho ndilo lililonipeleka pabaya. Darasani tulikuwa tunajifunza kushona, na kila msichana alipewa kipande cha kitambaa cha amerikani ashone apendacho. Wengine walishona mifuko. Mimi nilishona shati la mtoto, lenye mikono mifupi na tundu moja la kifungo. Mwalimu alilisifu mbele ya wote. Nikalikunja ndani ya kitabu, nikampelekea dada nikikimbia njia nzima. Alikuwa uani na Magokoro wakianika maua ya pareto.

Dada aliposhikishwa lile shati aliliachia kana kwamba limemchoma.

Magokoro akauliza, "Hiyo ni ya nani?"

"Ya mtoto," nikasema.

"Mtoto yupi?" Akazunguka ua wote kwa macho. "Mimi simwoni mtoto hapa. Moraa, wewe unamwona?"

Dada akainama. "Simwoni, Mama."

Mama, mimi sikujua. Huku mtoto hashonewi kitu wala hatajwi kabla hajalia. Ukimwandalia nguo umewaita wenye jicho baya waje wamtazame angali tumboni. Dorika ni mgeni, hakujua kwamba anawaagiza jambo ambalo hakuna hata mmoja angelifanya, nami pia ni kama mgeni, nikalifasiri bila kufikiri. Ndiyo maana benchi zima lilinyamaza aliposema habari ya kinguo. Nilidhani wamechoka.

Magokoro aliokota shati kwa ncha za vidole. "Nitaliondoa," akasema, akaingia nalo ndani. Sikuliona tena, nikaamini amelichoma.

Haukupita muda uso wa dada ukaanza kuvimba. Kwanza macho, kama mtu aliyelia. Kisha vidole, mpaka pete ya shemeji ikalazimika kutolewa kwa sabuni. Kisimani wanawake waliacha kunisalimu. Nilisikia mmoja akisema nyuma yangu, "Ni lile shati." Mama, mimi nasoma vitabu, na ninajua amerikani haiwezi kuvimbisha uso wa mtu. Lakini nikiwa peke yangu na mtungi sikuwa na uhakika hata kidogo.

Nikamwendea Magokoro, nikamwambia aliyoyasema Dorika. Alikuwa anasaga wimbi. Hakunikaripia. Alisaga kwanza, kisha akasema:

"Sikiliza, korongo. Moraa akifia mikononi mwangu, nitamlilia kama mwanangu. Akifia kule kwa wageni, mama yake atasema nilimtupa. Na huyo mama yenu simjui. Ni mtu wa mbali, ameolewa na mtu wetu na wakaenda kuishi kambini. Hajawahi kuketi katika nyumba yangu. Nitamjibu nini? Aje yeye aseme kwa kinywa chake, mpelekeni mwanangu hospitali. Nami nitambeba mgongoni."

"Mama yuko mbali, Magokoro."

"Basi mwandikie. Si ndiyo kazi yao hao wanaokufundisha?"

Jumapili nikaanza kukuandikia kuomba neno lako. Barua hiyo nimeichana, kwa sababu mambo yalinitangulia.

Jana asubuhi nilikuwa ninafunga vitabu vyangu niende shule. Dada alikaa kitandani akishika kichwa. Akaniuliza, "Kerubo, mbona mmewasha moto uani na mvua inanyesha?" Hakukuwa na moto. Nikampa kikombe cha uji, akanyoosha mkono pembeni ya kikombe, akashika hewa.

Nilipiga kelele. Sikujua nina sauti kubwa hivyo. Magokoro aliingia, akamshika dada uso kwa mikono miwili, akambonyeza mguu kwa kidole, na kile kidole kikaacha shimo. Akanawa mikono. Nilifikiri anajiandaa kumhudumia. Lakini alijifuta polepole, akasema maneno ambayo nadhani hajawahi kuyasema mbele ya mtu.

"Hii siijui."

Kisha akatoka nje akawaita wanaume, wakaleta kitanda cha kamba. Hakungoja neno lako, Mama. Nataka ulijue hilo.

Njia ilikuwa utelezi mtupu. Tulipokaribia daraja, dada alikakamaa. Macho yaligeuka yakawa meupe, meno yakakaza, akatikisika mpaka kamba za kitanda zikalia. Wanaume waliweka kitanda chini wakarudi nyuma. Mmoja alisema tusimame, tuombe. Magokoro akamwambia, "Omba ukitembea." Akamlaza dada ubavu, akampangusa povu kwa nguo yake, akakamata mguu mmoja wa kitanda yeye mwenyewe. Mzee yule, Mama, alikibeba mpaka getini.

Dorika hakuuliza maswali mengi. Alimfunga dada mkono kwa kile kitambaa kinachojazwa upepo, akatazama kipimo, akamwita daktari bila kupaza sauti. Hilo la kutopaza sauti ndilo lililoniogopesha. Walisema ni kifafa cha mimba. Wametundika mablanketi madirishani kwa sababu mwanga na kelele huweza kukirudisha. Sisi tuko barazani, tunatembea bila viatu. Dawa wamempa, analala, anakoroma vibaya. Daktari amesema mtoto lazima azaliwe ndipo dada apate nafuu, na kwamba wameshaanza kumsaidia. Nilimwuliza Dorika kama atapona. Amenijibu, "Mmemleta. Sasa kaa karibu nikuite." Sijui kama hilo ni jibu. Nimelirudia moyoni tangu jana.

Leo, kabla ya mvua, Dorika alitoka akauliza, "Nguo ya mtoto iko wapi?"

Nilitamani sakafu inimeze. Nikaanza kumweleza kwamba lilikuwepo shati, lakini... Magokoro akanigusa goti ninyamaze. Akafungua fundo la shuka lake kiunoni, akatoa vipande vya amerikani vilivyokunjwa vizuri. Nilivitambua. Mgongo, vifua viwili, mikono miwili. Hakuwa amelichoma. Alikuwa amefumua kila mshono niliouweka, kwa mwiba, bila kuchana popote, mpaka halikuwa shati tena.

"Hatuna nguo, mwanangu," akamwambia Dorika, nami nikafasiri. "Tuna kitambaa."

Dorika alivitazama vile vipande, akaniangalia mimi, kisha Magokoro. Nilidhani atakasirika. Akasema, "Basi sindano iwe karibu," akarudi ndani.

Sindano Magokoro alikuwa nayo pia, imechomekwa kwenye kilemba chake, tayari na uzi. Amenipa mimi. Amesema, "Usitie hata tundu moja mpaka tusikie kilio. Ukisikia, shona kama unafukuzwa."

Kwa hiyo Mama, ninakuandikia karatasi ikiwa juu ya vile vipande magotini. Kila mlango ukifunguka ninashika sindano. Mpaka sasa nimesikia watoto wa watu wengine tu.

Magokoro ameniomba niandike maneno yake kama yalivyo. Ameyasema akitazama ukuta. "Mwambie mama yake: sikumtupa. Nilimleta kwa sababu mikono yangu ilifika mwisho. Niko hapa mlangoni na sitatoka. Akija kunigombeza, aje, lakini aje amkute binti yake."

Tafadhali usimgombeze, Mama. Ukifika mshike mkono kwanza, kabla hujamwuliza lolote. Mkono wa kulia una lengelenge la kitanda.

Mwambie Baba yale unayoona yanafaa. Nisalimie Mama Tabitha mwenyewe, aliyevumilia kusoma haya. Nisalimie mdogo wangu Onyango mwangalia ndama, umwambie kitabu chake cha picha ninacho, hakijalowa. Msalimie babu mlinzi wa geti la kambi, aliyenifundisha kusali bila kufumba macho. Leo nimesali hivyo, kwa sababu ninaogopa kuyafumba.

Ninakungoja kwenye ngazi za hospitali, upande wa barabara, ili lori lisikupite.

Mimi binti yenu,
Yunia Kerubo.

Mama, lori limechelewa, wanapanga upya ndizi, nami nimemwomba dereva anirudishie karatasi. Tumesikia. Ni sauti ndogo kama ya paka, lakini Magokoro aliniambia, "Shona!" kabla sijaamini. Ni msichana. Dada hajajua bado, ila alipoitwa jina alimeza maji kijiko kimoja. Dorika anasema kifafa huweza kurudi hata baada ya kuzaa, tusifurahi kwa sauti. Nimemaliza mkono mmoja. Mshono umepinda. Bado njoo.