Marehemu Aliyeokoka

Tarehe 3 Februari

Mwanangu mpendwa,

Bwana asifiwe! Hujambo? Mama yako hajambo? Mimi ni mzima wa afya, na safari hii uzima wenyewe ni wa mwili na roho. Najua mwandiko huu umekushtua, baada ya miaka yote hii. Anwani yako nimepewa na shangazi yako. Usiichane barua, isome kwanza.

Nimeokoka. Pombe nimeacha, na sigara pia. Kazi ni ileile ya kunyoosha bodi za magari, ila siku hizi nikiletewa mlango uliobonyea najiona mimi mwenyewe. Mungu amenigonga, mwanangu, na nyundo yake si ya mchezo, lakini amenirudisha kwenye umbo.

Sasa, kanisani kwetu tuna utaratibu wa kutengeneza. Mtu akiokoka anarudi kwa wote aliowakosea, uso kwa uso, mbele ya mashahidi, anatubu. Nimeshatengeneza na watu wengi, hata tajiri wangu wa zamani niliyemwibia betri. Amebaki mama yako. Mchungaji na kwaya watanisindikiza, na nikimaliza kwake nitawekewa mikono niwe mzee wa kanisa. Basi mwandae mama, naja.

Baba yako

---

Tarehe 19 Februari

Shikamoo Baba,

Sisi wazima, mama anasumbuliwa na magoti tu. Mimi niko hospitali, kwenye chumba cha kufulia, napiga pasi mashuka ya wagonjwa. Nimefurahi kusikia umeacha pombe, nasema hivyo kwa moyo mweupe. Lakini usije.

Baba, huku wewe ni marehemu.

Usicheke. Unaikumbuka siku mdogo wangu alipozidiwa, mama akanituma nikuite kilabuni? Nilikuvuta shati. Ukasema mbele ya wenzako, "Kamwambie mama yako nimekufa." Wakacheka sana. Mimi nilikuwa mtoto, nikaenda nikamwambia hivyohivyo. Mdogo wangu tulimzika bila wewe. Tulipohamia mtaa huu watu wakauliza baba wa nyumba yuko wapi, na mama akawajibu kama alivyoambiwa.

Tangu hapo ni mjane. Tena si mjane wa hivihivi, ni mwenyekiti wa wajane wa kanisa. Mwanamke akifiwa na mume, mama ndiye anayelala kwake siku za msiba, ndiye anayemshika mkono kaburini. Wanavaa vitambaa vyeupe kichwani na wanakaa mbele kabisa. Heshima yote aliyonayo duniani ni hiyo. Ukitaka kutengeneza, piga magoti hukohuko uliko, Mungu anasikia. Ukija na kwaya utamvua nguo mwenzako.

Binti yako

---

Tarehe 5 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Poleni na magoti ya mama. Mimi mwili mzima, roho ndiyo imechomwa. Lile neno la kilabuni silikumbuki, na kutolikumbuka kwenyewe kunanitisha kuliko neno.

Barua yako nilimwonyesha mchungaji. Anasema Mungu hajengi juu ya uongo, na kwamba mama yako naye ni mfungwa anayehitaji kufunguliwa. Nimejaribu kumwelewesha, lakini basi la kwaya limeshakodiwa na Jumapili ya mwisho wa mwezi imeshatangazwa madhabahuni. Nitarudije nyuma na watu wote wanajua? Nafanya kwa nia njema, Mungu ni shahidi. Niombee.

Baba yako

---

Tarehe 16 Aprili

Baba,

Shikamoo. Salamu nimekupa kwa sababu mama alinifundisha adabu.

Mliondoka mnaimba. Acha nikueleze mlichokiacha nyuma.

Ulipopiga magoti mlangoni na kile kipaza sauti, mtaa mzima ulitoka. Mama alikuwa anapepeta mchele. Alisema amekusamehe kwa sababu angesema nini, na kwaya imeshapanga mistari inangoja? Mkashangilia, mkapiga picha, mkapanda basi. Ungo ulikuwa bado uko mikononi mwake.

Jioni wajane wakaja. Hawakugomba, na afadhali wangegomba. Mmoja wao, muuza mkaa aliye mdogo kuliko wote, ndiye aliyeongea. Alisema, "Mume wangu aliposhushwa kaburini ulinishika mkono ukaniambia unajua ninavyojisikia. Ulikuwa unajua nini, mama?" Mama akakifungua kitambaa chake kichwani, akakikunja vizuri, akampa.

Tangu siku hiyo haendi kanisani. Jumapili anafunga mlango, anasema ni magoti. Watoto wa mtaani wanamwita Mama Ufufuo. Hongera kwa uzee wa kanisa, nimesikia umewekewa mikono. Wahenga walisema kufa kufaana. Kuhusu kufufuka hawakusema kitu, labda hawakujua kunavyoumiza.

Binti yako

---

Tarehe 2 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Sijui niulize hali ya mama yako kwa mdomo gani, lakini nauliza.

Uzee wa kanisa nimeurudisha. Mchungaji amenishangaa, anasema nilishatengeneza na mambo yamekwisha. Hayajaisha. Gereji kwetu, fundi mwenye haraka anagonga palipobonyea, bati linavimba upande wa pili, naye hata haangalii kwa sababu mteja kasimama upande huu. Mimi ndiye fundi huyo. Zamani nilichukua nilichokitaka kwa ulevi, mwaka huu nimekichukua kwa jina la Mungu. Kuna wakati najiuliza kama nilibadilika kweli au nilihama kilabu tu. Naona aibu, mwanangu, na safari hii hakuna wa kunipigia makofi.

Niruhusu nije peke yangu. Nitakwenda kwa wale wajane niwaambie neno nililokutuma ukiwa mtoto, ili wajue nani alianza uongo. Ukikataa nitatii.

Baba yako

---

Tarehe 27 Julai

Shikamoo Baba,

Natumaini u mzima. Sisi tunaendelea. Nimechelewa kujibu kwa makusudi.

Nilimsomea mama barua yako yote. Aliendelea kukunja nguo. Jumapili iliyofuata alivaa, akaenda kanisani, akakaa benchi la mwisho. Muda wa ushuhuda ulipofika akasimama. Watu wote wakageuka.

Alisema, "Mume wangu hakufa. Nilimzika kwa sababu nilichoka kumngoja. Uongo wangu nimeutubu kwa Mungu, na leo nautubu kwenu. Ila machozi yangu yalikuwa ya kweli, msiniambie nilikuwa naigiza." Akakaa. Hakuna aliyesema amina. Mchungaji wetu akatangaza wimbo mwingine kana kwamba mtu amepiga chafya.

Wimbo ulipokuwa katikati, yule muuza mkaa akanyanyuka kule mbele, akaja kukaa naye benchi moja. Kitambaa hajarudishiwa, uenyekiti wamempa mwingine, na jina la utani bado analo. Lakini Jumapili anakwenda.

Kuhusu wewe, majibu yake ni haya, nayaandika kama yalivyotoka: "Mwambie nimemsamehe, safari hii bila kwaya. Lakini asije. Mungu anayemnyoosha atamnyooshea hukohuko, nyumbani kwangu si gereji."

Hayo ni ya mama. Mimi bado. Kila nikijaribu kukusamehe namwona mdogo wangu kwenye mkeka, anauliza kama baba amefika. Nakuombea, hilo naweza. Naamini kuna kitu Mungu amekianza kwako, barua yako ya mwisho imenionyesha. Ila nikikuambia nimesamehe leo nitakuwa nasema ili tu uridhike, na hilo limeshafanyika mara moja kwenye nyumba hii.

Usiniandikie tena. Nitaandika mimi, siku nikiweza. Ukiona kimya, ujue Mungu bado ana kazi na mimi. Usimharakishe.

Binti yako