Baiskeli Niliyoinunua Kigongo

Pasiansi, Mwanza
14 Septemba 1997

Dada yangu mpendwa Rozina,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima pamoja na wapwa zangu hapo Shirati. Huku kwetu tunapumua, ila usingizi umenikimbia.

Dada, nimenunua baiskeli. Zamani ilikuwa mpaka upate kibali. Siku hizi zimejaa kila kona, na kwa ulimi wangu huu nilimlainisha Venant, mchuuzi wa Kigongo, hadi akaniachia kwa bei ya kuku. Si ya mizigo, ni ya kupunga upepo jioni. Nikiteremka nayo, malori yananipisha. Wifi yako Modesta alinicheka, akasema mtu mzima anazunguka bila gunia wala abiria, "Unamtafuta nani?"

Nilimjibu kwa mzaha. Lakini tangu siku ya kwanza keria ilikuwa nzito, kama kuna mtu amekaa kimya nyuma yangu. Nikilegeza usukani, inageukia ziwani. Safari hii sitii chumvi, dada.

Jumapili iliyopita niliipindua miguu juu niioshe. Chini, karibu na pedeli, nikakuta jina limegongwa kwa msumari: OKOMO, SHIRATI. Ni mkono wa mumeo. K ameigeuza, kama kawaida yake.

Nikarudi Kigongo. Venant akasema mwenye baiskeli alimwachia amtunzie, kivuko kilikuwa kimeshaondoka, naye akavuka kwenda Busisi kwa mtumbwi. Upepo ukaupindua Venant akitazama. Hakuopolewa hata mmoja. Ilikuwa Machi, mwaka juzi.

Sasa nivumilie. Nilikwambia nilimwona Geita Juni ya mwaka uleule, amenenepa, anachimba dhahabu, tena ana jino la dhahabu, anakusalimu. Sikumwona. Ulikuwa unalia, nikatafuta neno la kukutuliza. Uliponyamaza, nikaongeza jino. Wazee walipotaka kuzika tunda la mwegea badala ya mwili wake, kama mila yetu kwa asiyepatikana, uliwafukuza kwa neno langu. Kwa neno langu unamwekea sahani mpaka leo.

Waite wazee. Waambie Owiti alidanganya, na tunda hilo nitalibeba mwenyewe. Nakuja Ijumaa na baiskeli yake. Nitaipakia juu ya basi, siipandi tena.

Nisalimie wazee wote na majirani. Wasalimie na wanao. Najua wanawaringishia wenzao lile jino la baba yao. Usiwaambie lolote mpaka nifike. Niliwapa mimi, nitawanyang'anya mimi.

Ni mimi mdogo wako,
Owiti