Alipolala Gregori

Sinakoi, Bougainville
Jumapili, baada ya misa

Mdogo wangu Blasius,

Salamu hizi zikukute mzima, wewe na wifi Delma na watoto. Sisi huku hatujambo, kwa kadiri ya umri na mvua. Kakao inaoza mtini, paka amezalia ndani ya kikapu cha viazi, na miguu ya mama bado imevimba, ila ulimi wake hauna ugonjwa wowote. Anasema huko mjini Moresbi mnakula wali kila siku mpaka umesahau ladha ya magimbi. Mjibu mwenyewe, mimi nimeshindwa.

Uliniuliza habari za wale wageni wa haki na usalama. Walikuja kweli, wakabandika makaratasi kwenye ukuta wa kanisa, wakatuuliza mtu akidhulumiwa huku huenda wapi. Wanaume wakajibu kwa pamoja kwamba huenda polisi, maana waliona hilo ndilo jibu lenye chai. Mimi nikasema nilishakwenda polisi kwa ajili ya kaka yetu Gregori, aliyechukuliwa miaka ile ya vita asirudi, wala maiti yake isionekane. Koplo alinipokea kwa heshima, akaniambia sheria anayo, kinachokosekana ni dizeli. Wageni waliyaandika hayo kwa kalamu ya kijani. Nilipouliza kijani maana yake nini, wakasema ni changamoto.

Sasa nikueleze ya Severinus. Nilikuandikia kwamba alikuja nyumbani akakiri ndiye aliyemuua Gregori, lakini sikukueleza alivyokiri. Alikaa nje ya jiko, kwenye gogo la kupasulia kuni, akasema amechoka kuzunguka njia ya mtoni kila siku ya soko ili asionane na mama. Alisema wakati ule alikuwa kijana wa kulinda kizuizi cha barabarani, mwenye bunduki aliyoitengeneza kwa bomba la maji. Gregori alipita na chumvi na vidonge vya malaria, wakubwa wakasema huyu ni mpelelezi, wakamwamuru yeye. Hakusema shetani alimwingia, kama wengine wanavyosema. Mama alimwangalia kutoka kichwani mpaka miguuni, akamwambia, "Umenenepa, Severinus. Mwanangu hajanenepa."

Kisha akamuuliza jambo moja tu, amelala wapi. Severinus akainama, akasema, "Mama, unajua siwezi kutaja kabla ya kutafuna popoo." Na ni kweli, wewe pia unajua, hata kama umezoea meza za mahakama. Aliyeua hataji kaburi mpaka watafune popoo, ile kokwa ya tambuu, pamoja, yeye na mwanamke mwenye ardhi ya ukoo wa marehemu. Wakishatafuna, hakuna panga tena, wala mashtaka. Asiyetafuna anabaki na haki ya kushtaki, na kaburi halijui. Mwanamke huyo kwetu ni mimi, tangu mama aliponikabidhi ardhi.

Ndipo nikakuandikia, nawe ukanijibu kwa herufi kubwa kwamba nisitafune chochote na mtu yule. Ulisema mwendesha mashtaka unayemwandalia majalada yuko tayari, nisubiri tu polisi waje wachukue maelezo, Severinus afungwe kama anavyofungwa muuaji yeyote duniani. Nilisoma maneno yako nikaona ni ya haki. Nilimsomea mama. Akauliza kama polisi hao watakuja na dizeli yao.

Blasius, barua yako ilinifikia Jumanne. Nilitafuna Alhamisi. Ningeweza kukuambia ilichelewa, meli huchelewa na ungeamini, lakini sitaki jambo hili lisimame juu ya uongo. Niliisoma yote, nikaikunja, nikaenda kuchuma popoo na majani ya tambuu. Nilimwekea Severinus chokaa kwa mkono wangu. Aliipokea kwa haraka ikamwagika, nami nikamwambia atulie, chokaa siku hizi ni ya shida. Tulitafuna bila kutazamana, tukatema pamoja, akainuka akatangulia.

Gregori alikuwa nyuma ya lile tanuri bovu la kukaushia kakao, mahali tulipokuwa tukipita kwenda kuoga. Severinus alifukua kwa mikono, akakataa jembe. Mama alitambua taya, kwa lile jino lililovunjika Gregori alipojitapa kufua nazi kwa meno. Alilifuta udongo kwa khanga yake, akasema, "Jinga hili."

Usidhani nimemsamehe yule. Nikimsikia anacheka sokoni, bado mkono unatafuta panga. Na najua nimekufanyia nini. Tuliotoka tumbo moja tumetafuna sote, hata aliye Moresbi ambaye hakuonja kitu. Kesi uliyoingoja tangu ulipokuwa mtoto nimeifunga bila ruhusa yako, na hakuna hakimu wa kwetu atakayeifungua. Ningekusubiri wewe, ningekuwa dada mwema. Lakini mama asingekusubiri, miguu yake naiona mimi kila asubuhi.

Tutamzika Jumamosi baada ya Pasaka, juu, kando ya kaburi la bibi. Severinus atabeba jeneza upande wa miguu, ndivyo desturi inavyomtaka. Upande wa kichwa ni wa ndugu wa tumbo moja, mwanamume. Nimewakataza binamu wote wasiushike. Usipokuja utabaki wazi, na jeneza halitanyanyuka kwa upande mmoja.

Padre anakusalimu, na shangazi Ludwina, na jirani zako wote wa utotoni waliobaki. Mama naye anakusalimu. Nilimuuliza kama nikuombe radhi kwa niaba yake, akasema hapana, nikuulize tu kama bado unayo suruali nyeusi.

Ndimi dada yako,
Skolastika Noiraa